Vipima Gesi na Kiti Chenye Mto

Jumatatu, 3 Juni
Habari njema! Mzee wa chumba cha chaji anastaafu Ijumaa. Kiti chake kina mto. Mbele yake, feni. Kazi yenyewe? Kuchomeka vipima gesi jioni na kuvigawa asubuhi, wenzetu wavivae kifuani kabla ya kuingia kusafisha matangi ya rangi. Kile kiti ni changu! Tatizo ni shemeji, kaka yake mke wangu. Naye anakitaka. Bosi katupatia kila mmoja vipima viwili vya kuchaji, atuone uwezo.

Jumanne, 4 Juni
Chaja ya kiwandani ina uvivu. Nimetumia ya simu yangu. Tundu likakataa, nikalibembeleza kwa kisu. Betri ikavimba kama shavu lenye jino bovu. Shemeji akauliza harufu ya nini. Nikasema soksi zake. Bosi akatangaza kwamba kila kifaa kina chaja yake, basi. Alinitazama mimi tu. Uonevu.

Jumatano, 5 Juni
Chumba cha chaji kiko ng'ambo ya uwanja. Jua lote lile! Ghala la mafuta ya kuyeyushia rangi liko karibu, na soketi ipo. Bango linasema usichaji wala kuwasha chochote humu. Nadhani waliwalenga wavuta sigara. Nikachomeka kipima kilichobaki, nikakiacha kimewaka nifurahie taa. Kikapiga kelele! Njaa ya umeme, nikajua. Nikakifunika koti. Kikazidi. Shemeji akaja mbio, akakata umeme kwenye swichi kuu ya nje, akanikokota kwa ukosi. Shati jipya! Kumbe pipa lilikuwa linavuja nyuma ya rafu.

Alhamisi, 6 Juni
Bosi kasema cheche moja tu ya soketi ile ingetupeleka sote ahera. Nikamkumbusha kwa upole kwamba aliyegundua uvujaji ni mimi. Akajifuta uso kwa viganja vyote viwili. Nadhani aliguswa. Kiti kapewa shemeji. Nimeumia, sifichi. Mimi ni msaidizi wake, humohumo chumbani, ili nionekane muda wote. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanishonea ukosi. Nampenda sana.

Jumatatu, 10 Juni
Raha! Feni inanifikia na mimi. Shemeji si mtu mbaya, ananiachia kiti akienda msalani. Leo kawasha vipima vyote kuvijaribu, mara akaitwa kwa bosi. Kaniambia nisiguse kitu. Kilichokosekana hapa ni chai tu. Bahati nzuri nimekuja na jiko letu dogo la gesi, nimelificha chini ya rafu ya chaja. Linapiga mluzi kidogo kwenye valvu, lakini ndiyo kawaida yake. Vipima vikaanza kulia vyote kwa pamoja. Vinadeka! Nimevizima kimoja kimoja. Sasa kumetulia, nina furaha, natafuta kiberiti.