Swali Langu Kuhusu Mtaa wa Tanner

Jumatatu, Julai 8

Baridi kali. Umande umeganda juu ya vioo. Wateja: hakuna. Tangu halmashauri ipige marufuku magari Mtaa wa Tanner, miaka mitatu sasa, watu wameacha kununua godoro kwangu. Nani alibebe begani mpaka maegesho ya kanisani? Baba aliuza magodoro hapa miaka arobaini, na malori yalisimama mlangoni. Mambo yasipobadilika, mimi nitafunga kabla ya Krismasi.

Lakini kuna nuru! Septemba, siku ya kuchagua madiwani, mji mzima utaulizwa kama magari yarudi. Kupiga kura ni lazima, asiyepiga hutozwa faini, kwa hiyo hata wavivu watakuja. Tumeteuliwa wawili tukae na karani wa halmashauri, Graeme Tippett, tuliandike swali lenyewe. Mimi kwa niaba ya wanaotaka magari. Kwa niaba ya wasioyataka, Lorraine Vukasin, mwenye mkahawa jirani yangu. Lorraine! Ametandaza meza zake katikati ya barabara kana kwamba lami kaachiwa urithi.

Alhamisi, Julai 18

Kikao cha kwanza. Nilisoma swali langu: "Je, unakubali kwamba kuyafukuza magari kumeua maduka, kumewatesa wazee wenye magoti mabovu na kumetuletea njiwa?" Graeme akasema hilo si swali, ni matanga. Lorraine akasoma lake, lililomuuliza mpiga kura kama anataka mjukuu wake agongwe. Graeme akavua miwani, akafikicha macho.

Ndipo Lorraine akasema, haya Des, tusichoshane, tuandike tu: magari yaruhusiwe tena Mtaa wa Tanner, ndiyo au hapana? Graeme akafurahi, akasema hilo limenyooka. Nilikaribia kukubali. Kisha nikajiuliza: tangu lini mwanamke huyu akanipa kitu kizuri bure? Nikakataa. Hanipati!

Jumatano, Agosti 7

Nimelipata! Nilikuwa nakata kucha. Watu wa nchi hii wakiulizwa jambo kwenye kura, husema Hapana. Wamekataa karibu kila kitu tangu enzi za babu. Kwa hiyo dawa ni kuifanya Hapana iwe yangu. Sikilizeni: "Je, unataka Mtaa wa Tanner ubaki kama unavyouona leo?"

Nani aseme Ndiyo? Mtaa wenyewe mkiwa. Upepo, njiwa, viti vitupu, na mimi dirishani. Kikaoni Lorraine alilisoma mara mbili. Akaniuliza, Des, ndugu yangu, una hakika? Nikamwambia mtaka cha uvunguni sharti ainame. Akasaini bila ubishi. Graeme akalipeleka kwa wapiga chapa mbiombio, nadhani aliogopa nisije nikabadilisha mawazo.

Alhamisi, Septemba 5

Fununu: Lorraine ataomba banda la soseji nje ya ukumbi siku ya kura. Hapa kwetu kura bila soseji ndani ya mkate si kura. Mwenye soseji ndiye mwenye watu. Nikamwahi! Nilikwenda halmashauri na viatu vya ndani, nikajaza fomu, banda likawa langu. Alipoambiwa alicheka, akasema ananiombea jua. Sikuipenda ile sauti.

Dada yangu Noeline alipiga simu. Ameuliza, duka likifungwa, nitahamia kwake? Nimemjibu swali langu halishindwi. Baada ya simu nilikaa juu ya godoro la maonyesho, nikajiona mnyonge sana.

Jumamosi, Septemba 14

Jua! Jua la kuudhi. Ukumbi wa kura uko mtaani kwetu, na foleni ilifika mlangoni kwangu. Msimamizi wa kura alipima kwa utepe mita sita kutoka mlango wa ukumbi, maana mwenye upande haruhusiwi karibu zaidi, akanisukuma mimi na jiko langu hadi katikati ya barabara. Soseji, vitunguu, moshi, umati. Watu wakakosa pa kukaa. Nikatoa magodoro manane nje, ili wajionee yalivyo mazito kubeba.

Wakayalalia! Watoto wakayarukia. Mzee mmoja akasinzia na mkate kifuani. Mtu na mkewe wakauliza bei ya lile pana. Nikawaambia warudi magari yakirudi. Wengine wawili wakauliza, nikawajibu vivyo hivyo.

Saa nane mchana nikamsikia mama mmoja kwenye foleni: "Mwenzangu, mtaa umependeza leo, au macho yangu?"

"Umependeza! Na ni yule mzee wa magodoro kaufanya hivi, Mungu amweke."

Nikaenda kulisoma swali langu ukutani. Kama unavyouona leo. Nikakimbia kuzima jiko. Wakanizomea mpaka nikaliwasha tena.

Jumatatu, Septemba 16

Ndiyo imeshinda. Wawili kwa mmoja. Graeme amenipigia mwenyewe, akasema hajawahi kuona watu wa hapa wakikubali jambo kwa wingi hivi. Akanipa pole. Nimelia kidogo, kule stoo, nyuma ya mito.

Kosa si la swali. Kosa ni la jua. Kura hii ingepaswa kupigwa mwezi wa saba, na swali liwe refu kidogo.

Saa nne Lorraine akaingia. Hakuja kunicheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuja na wachezaji wanne wa raga, vifua kama makabati. Anataka godoro pana, akasema, na hawa watalibeba. Tena klabu yao imekubali kumbebea kila mteja wangu, kila Jumamosi, bila malipo, mpaka Krismasi na baada yake. "Des, acha ukaidi jamani," akasema. "Duka la baba yako hili." Macho yake yalikuwa mekundu.

Nimekataa. Mimi si mjinga! Nikiuza godoro moja tu mtaani humu, itaonekana magodoro yanabebeka, na hapo hoja yangu yote imekufa.

Wameondoka. Nimemwandikia Noeline aniandalie chumba, kisha nikabandika tangazo la kufunga duka. Nimeliandika vizuri sana.