Mpwa wa Bi Nélida

Jumanne ile Pocha alikufa saa tano asubuhi, juu ya blanketi lake jikoni, baada ya miaka kumi na minne ya kumbwekea tarishi yuleyule. Saa kumi alasiri Bi Nélida Bentancor alitoka kama kawaida, akashika njia ya uwanjani, akazunguka mara mbili, akarudi. Mkononi alikuwa na kamba ya mbwa. Mbwa hakuwepo.

Watu wa mtaa wa La Unión walimwona, wakaangalia pembeni kwa adabu. Nani angejua la kumwambia? Wilmar Techera peke yake ndiye aliyeendelea kutazama. Alikuwa amekaa nje ya duka la mikate, chupa ya maji moto kwapani, akifyonza chai yake ya majani machungu kwa mrija wa chuma, na moyoni akapata ile furaha tulivu ambayo wenzake huifuata kanisani.

Wilmar alikuwa na miaka thelathini na miwili na uso wa mwanakwaya. Uso huo ndio ulikuwa duka lake. Kwa uso huo aliwahi kuuza viti vya basi la hija ambalo halikuwepo, na kuchangisha jeneza la kaka ambaye mama yake hakuwahi kumzaa.

Jumapili Bi Nélida alikwenda uwanjani, kwenye meza ya waokoaji. Hawa ni akina mama wanaookota mbwa wadogo barabarani, wakawaogesha, wakawafunga kizazi, wakawalea kwao kwa muda, kisha wakawatafutia nyumba. Ni watu wenye moyo mzuri sana, na kwa sababu hiyo hawamwamini binadamu yeyote. Mkuu wao, Mirtha Sosa, alikuwa na mbwa tisa nyumbani, wote wa muda. Mmoja wao alikuwa wa muda kwa mwaka wa kumi na moja.

"Una miaka mingapi, mama?"

"Sabini na minne."

Mirtha akafunga daftari. "Mwisho wetu ni sabini."

"Sitaki wa kifahari. Nataka yule wa pembeni, mwenye ulimi nje."

"Milanesa ana miaka miwili. Ana miaka kumi na minne mbele yake. Wewe je?"

Sidhani kama kuna mtu mwenye jibu la swali hilo. Bi Nélida aliaga, akaondoka. Hakufika mbali.

"Wamekudharau, Bi Nélida," Wilmar alisema akitembea kando yake. "Mwanamke kama wewe! Mimi wananipa mbwa hata kabla sijakaa. Nitamchukua kwa jina langu, nikuletee mpaka mlangoni."

"Na wewe unapata nini?"

"Baraka."

"Ukishazipata baraka, unataka nini?"

Wilmar akacheka. Alipenda wateja wenye haraka. "Nasikia marehemu mumeo aliacha kodiani."

Kodiani ya marehemu, kinanda cha kuvuta mikononi, ilikuwa ya Kijerumani, na pale soko la Jumapili alikuwepo mtu aliyekuwa tayari kuilipia vizuri. Lakini mpango haukuishia kwenye kodiani. Mwezi mmoja baadaye Wilmar angerudi, uso umemsawijika, aseme akina mama wanauliza mbwa yuko wapi na wanataka kitu kidogo ili wanyamaze. Na mwezi uliofuata pia. Kikongwe aliyempenda mbwa wa magendo, kwa Wilmar, alikuwa pensheni.

Kulikuwa na tatizo moja. Waokoaji hukagua nyumba, na Wilmar alipanga chumba ambamo mwenye nyumba wake hakuruhusu hata redio.

"Basi waje kwangu," Bi Nélida alisema. "Wewe ni mpwa wangu."

Wilmar alifurahi kuona anavyojifunza upesi.

Mirtha alikuja Alhamisi. Alichungulia chini ya kitanda, akapima mwanya wa uzio kwa ngumi, akanusa kopo la sumu ya mende. Kisha akamtazama Bi Nélida.

"Wewe nakukumbuka. Wewe ni yule wa sabini na minne."

"Ndiye mimi. Nyinyi mmenikataa, na sheria ni sheria. Mbwa ni wa mpwa wangu. Mimi nitampikia tu."

Mirtha akamgeukia Wilmar. "Unaishi hapa?"

Wilmar alifungua mdomo.

"Chumba cha nyuma," Bi Nélida akajibu. "Tangu mama yake afariki, maskini."

"Unasafiri?"

"Mara mojamoja, kwa shughuli za..."

"Huyu? Hata kona hapiti! Namwambia, mwanangu, toka ukatafute mchumba. Wapi! Yeye na nyumba, nyumba na yeye."

"Unaamka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili," alisema shangazi. "Mvua, baridi, yeye yuko mlangoni. Miguu inamwasha."

Wilmar akatoa kicheko kidogo kilichofanana na kikohozi.

"Na mbwa akiugua?"

"Atalala naye sakafuni. Kama Pocha wetu. Usiku wote, mkono juu ya tumbo lake, mpaka..." Hapo sauti ya Bi Nélida ilikatika. Hayo hayakuwa maigizo. Mirtha alikuwa ameshasikia uongo wa kila saizi katika kazi yake, lakini ukweli huu ulipita ulinzi wake wote. Akatoa kalamu.

Mkataba ulikuwa na kurasa nne. Kitambulisho cha Wilmar kilipigwa picha mbele na nyuma. Kisha Wilmar mwenyewe akapigwa: uso mzima, upande wa kulia, upande wa kushoto, na moja akiwa amempakata Milanesa, ambaye alimlamba puani. Kwa miaka kumi alikuwa amekwepa kamera kama wengine wanavyokwepa madeni.

"Nitakuwa napita bila kutoa taarifa," Mirtha alisema. "Maisha yote ya mbwa. Nisipokukuta unaishi hapa, namchukua, na picha zako zinakwenda kwa wenzangu wote. Tuko elfu ishirini na mbili."

"Nchini?"

"Nchini. Wa Buenos Aires, ng'ambo ya mto, sijawahesabu."

Wilmar alitia sahihi. Alishatia sahihi mambo mengi, na hakuwahi kungoja kuona yanavyoishia.

Asubuhi iliyofuata alikuja kuichukua kodiani yake. Bi Nélida aliitoa kabatini bila kinyongo, ila aliposimama mlangoni alikuwa na simu mkononi, na Milanesa miguuni.

"Unakwenda wapi nayo, mwanangu?"

"Kwenye shughuli zangu, Bi Nélida. Tumemalizana."

"Shangazi," alimsahihisha. "Mirtha anaweza kupita hata leo. Akikukosa, mimi ni mzee, kudanganya siwezi."

"Ukisema, watamchukua mbwa!"

"Watamchukua. Nitalia. Mwezi huu nimeshapata mazoezi." Akamtazama usoni kama anayepima bei. "Na wewe sura yako itabandikwa kila duka la mikate kutoka hapa hadi mpaka wa Brazil. Halafu utamuuzia nani basi la hija?"

Wilmar aliduwaa. "Ulijua?"

"Dada yangu alinunua kiti. Cha dirishani."

Mkono wa pili alikuwa ameuviringishia kamba ya Milanesa mara tatu. Kama Wilmar angeutazama, angejua kwamba mwanamke yule asingeweza kupiga ile namba hata kwa kushikiwa kisu; kumpoteza mbwa wa pili kungemmaliza. Mtu wa kazi yake alipaswa kuona. Lakini wakati huo alikuwa anauwaza uso wake tu.

"Na kodiani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni yako, tulikubaliana. Kaiweke chumbani kwako."

Mirtha amepita mara tatu, na mara zote amemkuta. Ya tatu alimkuta amevaa aproni, anamkata Milanesa kucha, akaguswa sana, akauliza kama angeweza kulea wengine wawili, siku chache tu. Bi Nélida alikubali kwa niaba yake.

Siku chache hizo zilianza Machi, na sasa ni Agosti, msimu wa baridi kule. Saa kumi na mbili asubuhi, kungali giza, Wilmar Techera hutoka na mbwa watatu.