Mfungo wa Vikombe Vinane

Jumatatu, 4 Agosti

Siku ya kumi na mbili bila kutafuna kitu. Kifuniko cha kalamu hakihesabiki.

Kwa faida ya watakaoisoma shajara hii nikishakufa: naitwa Kai, nina miaka kumi na sita, nakaa Magongo, na nina ugonjwa wa Crohn. Maana yake, kwa maelezo ya Daktari Nasreen, kinga ya mwili wangu imekosa adui wa maana ikaamua kupigana na utumbo wangu mwenyewe. Utumbo umevimba. Una vidonda. Unahitaji mapumziko. Basi utumbo umekwenda likizo na kazi nimeachiwa mimi: wiki sita za maziwa ya unga ya hospitali, vijiko sita kwa kikombe, vikombe vinane kwa siku. Kingine ni maji tu. Kwenye kopo wameandika ladha ya vanila. Aliyeandika hajapata kuionja vanila. Alielezewa kwa simu, na mtandao ulikuwa mbaya.

Mama anauza mahamri na mbaazi mlangoni kwetu kila asubuhi. Sisemi zaidi.

Wanaojua ni Mama, daktari, na Linda, mdogo wangu wa miaka tisa, mpelelezi. Asijue mwingine. Kuna magonjwa yenye heshima. Mtu akivunjika mguu, wenzake wanamwandikia majina kwenye plasta. Ugonjwa wangu mimi ukiuelezea kwa dakika moja tu umeshafika chooni.

Leo semina ya vijana kanisani imeanza. Wiki mbili. Mchana ukapakuliwa wali wa nazi na maharagwe. Nikakaa mwisho wa benchi bila sahani, nikijifanya nasoma. Lynnette, anayeongoza sifa, ambaye kwa miaka miwili nimemwambia jumla ya maneno manne (matatu yakiwa samahani), akaja kuniuliza mbona sili. Nilikusudia kusema nimeshiba. Kilichotoka mdomoni ni kwamba nimefunga.

Akaniuliza kama nimefunga kwa maombi. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema kumbe, ndiyo maana huwa niko kimya siku zote.

Huwa niko kimya kwa woga. Lakini sikuulizwa hilo.

Jumanne, 5 Agosti

Habari imetembea. Asubuhi nilikuwa nimefunga siku tatu. Saa nne, siku ishirini na moja. Kufika saa nane nilikuwa katikati ya siku arobaini, na kuna dada aliyeapa ameuona uso wangu uking'aa. Lilikuwa jasho. Feni ya upande wetu haifanyi kazi.

Lenox hakupendezwa. Lenox anapiga kinanda, ana mabega, na hadi jana yeye ndiye aliyekuwa akitazamwa na Lynnette. Akatangaza kwamba naye anafunga, tena kavu, bila hata maji. Nikamwambia ajitunze. Nilimwambia kwa upole. Niliufurahia mno upole ule.

Kuna tatizo dogo. Mtu aliyefunga hawezi kugida maziwa mbele za watu kila baada ya saa mbili, na choo cha kanisa kina foleni. Nimekunywa vikombe viwili asubuhi, viwili jioni. Vinne vya mchana nimemmiminia paka wa jirani, ili Mama aone chupa tupu.

Ni kwa leo tu.

Alhamisi, 7 Agosti

Si kwa leo tu.

Watu wameanza kuniletea shida zao. Mama Margret, mkuu wa akina mama kanisani, aliniomba niliombee goti lake. Mimi, ambaye darasani huulizwa jina nikasahau. Nikafumba macho nikaanza kwa Kiswahili, maneno yakaniishia, nikamalizia kwa Kiingereza cha kitabu cha baiolojia. Nilitaja gegedu, ule mfupa laini wa maungio. Nilitaja na kano. Akalia. Akasema hajapata kuombewa kwa undani hivyo.

Lenox alianguka juu ya kinanda saa saba mchana. Noti nane kwa pamoja. Mchungaji Nicanor akampa maji kwa lazima, akamshauri ajifunze kutoka kwangu siri ya kustahimili. Lenox amenitazama kwa muda mrefu kuliko Lynnette alivyowahi.

Suruali naifunga kwa kamba ya kiatu. Paka wa jirani, aliyekuwa mbavu tupu mwezi uliopita, siku hizi anatembea katikati ya njia kama mwenye nyumba.

Ijumaa, 8 Agosti

Kliniki. Nimepungua kilo moja na robo.

Daktari Nasreen akaniuliza nanywa vikombe vingapi. Nikasema vinane. Akarudia swali polepole. Nikarudia jibu haraka. Akavua miwani akasema, wallahi Kai, mimi si mwalimu wako, hapa hakuna kiboko, ila mwili wako haujengwi kwa majibu. Kisha akanieleza. Ijumaa ijayo nirudi. Kama sijaongezeka hata nusu kilo, nitatiwa mpira: unaingia puani, unashuka hadi tumboni, unabandikwa shavuni kwa plasta, na maziwa yatapita humo hadi wiki sita ziishe. Wiki sita zinaisha Septemba. Shule inafunguliwa tarehe ishirini na tano Agosti.

Mama aliuliza, na mpira nao ukishindwa? Daktari akasema kuna dawa kali. Na dawa zikishindwa? Akasema wapasuaji hukata kipande kilichoharibika, lakini tusifike huko. Njia nzima ya kurudi Mama alinishika mkono, mbele ya madereva wa malori wote wa Magongo.

Hapo nikaapa. Vikombe vinane kila siku, potelea mbali, hata nikinywea juu ya madhabahu.

Linda akasema wakati wa chakula cha jioni kwamba paka wa jirani anacheua vanila. Sasa, ili aishie hapo, naosha vyombo zamu yake hadi Krismasi.

Jumapili, 10 Agosti

Mchungaji Nicanor amenisimamisha ibadani. Mbele. Watu mia mbili. Akasema taifa linalia kwamba vijana wameharibika, basi lije Magongo limwone huyu. Magoti yangu yaligongana hadi nikahofia watayasikia kwenye kipaza sauti. Wakasema ni Roho.

Kisha akatangaza. Jumapili ijayo, tarehe kumi na saba, nitaufungua mfungo wangu mbele ya kanisa zima, na akina mama watanipikia pilau. Nitakula, kila mtu aone.

Pilau. Mimi. Mbele ya watu.

Baada ya ibada nikamfuata Mchungaji nikamwambia nahisi ninasukumwa kuendelea kufunga. Akaweka mkono begani kwangu akasema mwanangu, hata Musa aliteremka mlimani.

Mama hakuwepo. Amekwenda Kaloleni kwenye matanga. Nashukuru kwa hilo, kisha naona haya kushukuru kwa matanga.

Jumatano, 13 Agosti

Mimi nina akili. Niandike tu, maana hakuna mwingine atakayeandika.

Nimepata kwenye stoo ya kanisa chupa tupu ya mafuta ya zeituni. Kioo cha kijani kizito, cha ndani hakionekani. Nikaiosha, nikaijaza maziwa, nikabandika karatasi: MAFUTA YA UPAKO. Nani atagusa? Hata Linda aliiona akarudi nyuma.

Natembea nayo kwenye mkoba. Kila baada ya saa mbili najitenga nyuma ya tangi la maji, kama mtu anayeomba, napiga mafunda. Juzi vikombe sita. Jana saba. Leo vinane kamili. Paka amekuja mara tatu kudai haki yake.

Lynnette amesema siku hizi nina nguvu usoni. Nilimjibu kwa sentensi nzima. Ilikuwa na kitenzi.

Alhamisi, 14 Agosti

Mama Margret alinikuta nyuma ya tangi nimeinua chupa, nagida mafuta ya upako.

Nilitarajia yowe. Badala yake alishusha sauti akasema, baba, kumbe hii ndiyo siri, nipake na mimi. Akakunja gauni, akatoa goti. Ningefanya nini? Nikampaka. Akafumba macho akasema limepoa papo hapo. Lazima lipoe. Chupa ilikuwa imetoka kwenye jokofu la Mchungaji, nilikoificha asubuhi maziwa yasichache.

Saa tisa, katikati ya maombi, sisimizi walianza kupanda mguu wa Mama Margret. Kwa safu. Nidhamu ya kijeshi. Wote wakielekea gotini. Lenox alikuwa nyuma yake. Aliwatazama sisimizi, akalitazama goti, akanitazama mimi. Akachukua mkoba wangu, akafungua chupa, akachovya kidole, akalamba.

Akasema, buda, haya ni maziwa.

Kikao kikaitwa ofisini. Mchungaji, Mama Margret, Lenox, Lynnette, mimi. Lenox akasimulia, na kusema kweli alisimulia vizuri. Lynnette akainama akaniuliza kwa sauti ndogo kama ninaumwa, maana ameona kamba ya kiatu kiunoni kwangu.

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Sentensi moja tu ilitosha. Lakini niliiona safari yake yote: nikisema tumbo, atauliza linafanyaje, na nikijibu linafanyaje tumeshafika chooni, mimi na Lynnette.

Nikasema siumwi. Nikasema ni ulafi. Nilifunga, njaa ikanishinda, nikadanganya.

Nimekiri dhambi nisiyoitenda ili nisikiri ugonjwa nilio nao. Sijui kama kuna mtakatifu wa namna hiyo.

Mchungaji hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akasema njaa si dhambi, akamtuma Mama Margret jikoni. Chapati tatu na maharagwe. Wakanizunguka kwa upendo. Kula mwanangu, Mama Margret akasema, usione haya, hapa ni kwenu. Akakaa pembeni yangu kuhakikisha.

Nilikula. Niandike ukweli angalau humu: chapati ya kwanza ilikuwa tamu kiasi kwamba sikukumbuka daktari hata mmoja. Ya pili nilikula kwa adabu. Ya tatu nikampa Lenox, ambaye masikini alikuwa bado anafunga kila siku hadi jioni, kwa kweli, na hakuna aliyekuwa na habari.

Ijumaa, 15 Agosti

Tumbo tangu usiku wa manane. Kama kamba inayokazwa. Sikumwamsha Mama kwa sababu ningelazimika kueleza. Alfajiri Linda akamfuata jikoni. Akamweleza yote: mfungo, paka, upako, goti. Bila hata kuguswa. Vyombo nimeviosha bure.

Mama alikuwa ameshawasha jiko la mahamri. Akalimwagia maji, akajifunga khanga yake ya pili, tukatoka.

Daktari Nasreen akasema maumivu ni ya chapati na yatatulia. Kilo ni mambo mengine. Nimeongezeka robo tu. Siku nne za uaminifu haziwezi kulipia wiki nzima ya paka. Sikubisha. Mama alikuwa amesimama dirishani ametupa mgongo na mabega yake yanatikisika, na hakuwa anacheka.

Mpira umeingia. Wanakwambia meza mate, meza, meza, huku kitu kinapita nyuma ya koo kama mgeni asiyebisha hodi. Ni kitu kirefu kuliko vyote nilivyomeza mwaka huu na hakina hata chumvi.

Jumapili, 17 Agosti

Siku ya pilau. Niko nyumbani, kitandani, na mpira shavuni.

Mchana wakaja. Mchungaji, Mama Margret, Lynnette, Lenox. Nilijifunika shuka hadi kichwani. Mama akalifunua. Akawakaribisha, akawapa chai, kisha akawaeleza yote. Namaanisha yote. Mara ngapi kwa siku. Rangi gani. Aliwaonyesha kwa mkono utumbo unapita wapi, kuanzia kifuani kwake hadi nisipotaka kuandika. Nilingoja nife. Sikufa.

Lynnette alisikiliza bila kukunja uso hata mara moja. Akauliza kikombe kinachofuata ni saa ngapi. Mama akamwonyesha namna ya kumimina taratibu kwenye bomba, naye akashika saa. Akaniambia kama ningesema siku ile ya kwanza, angekaa nami nyuma ya tangi, basi.

Lenox alimaliza chai yake. Mwishowe akasema mjomba wake Dancun alikatwa utumbo, anatembea na mfuko tumboni, na anaendesha trela la kontena hadi mpakani Malaba kila wiki, na hakuna anayemcheka kwa sababu ana mikono mikubwa. Kisha akaniuliza kama maziwa haya yapo pia ya ladha ya chokoleti, na kama hiyo ni nafuu. Nikamwambia ni mbaya zaidi. Tukacheka, mpira ukanikwaruza koo.

Mama Margret akasema goti bado limepona.

Kwa hiyo watu wanajua. Dunia haijaanguka. Ningesema neno moja tu, paka angebaki mwembamba na mimi nisingekuwa na bomba usoni. Hata Linda anasema somo liko wazi.

Alhamisi, 21 Agosti

Kilo moja kamili imerudi. Daktari Nasreen amenipigia makofi mbele ya wauguzi. Damu inaonyesha uvimbe unashuka. Visu vimesogea mbali. Mpira unabaki hadi tarehe nne Septemba, na shuleni naruhusiwa kwenda nao. Akasema wenzangu wakiuliza niwaambie tu ukweli, kwa ufupi, bila haya. Nikaahidi. Mama alikuwepo. Linda alikuwepo.

Jumatatu, 25 Agosti

Shule imefunguliwa.

Nilikuwa na sentensi yangu. Niliifanyia mazoezi njia nzima. Nikaingia darasani, vichwa arobaini na sita vikageuka kwa pamoja, na Kadenge wa dawati la mbele akauliza kwa sauti, we Kai, hiyo nini puani?

Nikasema ni mazoezi ya kupumua. Nimechaguliwa na wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji, Mtongwe. Ni siri, wasiseme.

Kimya cha heshima. Sijapata kukisikia tangu nizaliwe. Kadenge akanipisha kiti chake cha dirishani.

Kufika mapumziko ya saa nne mwalimu wa michezo alikuwa ananitafuta. Hakuwa na habari kwamba shule ina mtu kama mimi. Amefurahi mno. Ameshaniandika kwenye mashindano ya kuogelea ya kaunti, mwezi ujao.

Sijui kuogelea. Nimemwambia napendelea masafa marefu.