Nyama ya Meza Kuu

Kuanzia Jumatatu iliyopita, uyoga ni chakula. Tumeshatangaza. Kabla ya hapo ulikuwa unajiotea tu vichakani bila idhini, watu wakipita na kutema mate. Sasa uko chini ya Idara ya Kukubalika kwa Uyoga, ambayo mimi ndiye Katibu wake, na bango letu getini linasema wazi: UYOGA NI BORA KULIKO NYAMA.

Wananchi, kwa ukaidi wao, wakagoma. Walisema kama ni mtamu hivyo, wakubwa waanze wao. Wizara ikaja juu: usipoliwa hadharani siku ya uzinduzi, idara inavunjwa. Yaani mimi nirudi masjala, kugonga mihuri karibu na bwana mmoja asiyekoma kupiga chafya. Usingizi ulinipaa.

Mkurugenzi akaniita, akafunga mlango. Eti mjomba wake alikula uyoga akashinda anabishana na mbuzi. Yeye haugusi ng'o. Tukakubaliana kitaalamu: sufuria ya wananchi iwe ya uyoga, ya meza kuu iwe ya nyama iliyokatwa ifanane na uyoga. Hiyo kiofisi inaitwa hatua ya mpito. Nikampelekea mama wa kantini mnofu na maelekezo. Aliniangalia weee, kisha akasema sawa, baba.

Siku ikafika. Uwanja ulijaa na hakuna aliyegusa sahani. Macho yote kwetu. Mkurugenzi akaonja. Akaonja tena. Akaisafisha sahani kwa mkate, akahamia kwenye yangu. Kisha akaniinamia, akasahau kipaza sauti kilichokuwa mbele yake.

"Katibu, nyama hii ni moto. Waache hao wajinga na uyoga wao."

Spika zote zikayatangaza maneno hayo. Nikaiona masjala hii hapa.

Mama wa kantini akasogea na upawa wake, hana haraka.

"Hapo hakuna nyama, mheshimiwa. Nyama nimewapa walinzi. Bango lenu linasema uyoga ni bora, nikaona aibu kuwapa wakubwa kitu hafifu."

Mkurugenzi akashika tumbo, jasho likimtiririka. Watu wakamkodolea macho wakingoja aanguke. Hakuanguka. Alicheua tu, nazo spika zikatangaza na hilo. Bibi mmoja akasema kumbe kitu chenyewe kinashuka vizuri, akasogeza sahani yake. Kufumba na kufumbua, watu wanasukumana kwenye foleni.

Mkurugenzi akaagiza gari la wagonjwa. Dereva nilimkuta kwenye foleni. Alisema mgonjwa avumilie, zamu yake imekaribia. Niliporudi na taarifa hiyo, mheshimiwa alikuwa ameshapona. Akaninong'oneza niulize kama kimebaki kijiko kimoja tu, cha tathmini.

Mama wa kantini alikuwa anasugua sufuria.

"Mwambie umekwisha," alisema. "Ila walinzi wamerudisha nyama yake."