Programu Isiyojua Kushindwa

Jumatatu, 4 Machi

Profesa ametangaza: kiti cha mkuu wa kitengo kiko wazi. Ijumaa tutaonyesha programu zetu, mimi na Miwani, mwenzangu wa meza ya pili. Kompyuta ibashiri dawa ipi itang'ang'ania protini ya kimelea na ipi itateleza, ili maabara isihangaike na takataka. Yangu inapatia nusu tu. Ningerusha sarafu ningepata hivyo hivyo! Na mama mkwe ameshautangazia ukoo mzima kwamba mkwewe ni mkuu. Sina pa kurudi.

Jumanne, 5 Machi

Nimemjua mchawi! Programu hujifunza kutokana na dawa za zamani, na nyingi zilishindwa. Mtoto utamlea kwa kumsimulia misiba tu? Nimefuta zote zilizoshindwa. Nikaipima kwa zilizobaki: mia kwa mia! Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu leo zinafaa kusukwa.

Jumatano, 6 Machi

Nimechungulia kwa Miwani. Masikini, yeye zilizoshindwa anaziongeza! Akaniuliza kama yangu imewahi kusema hapana. Nikamjibu kwamba imelelewa vizuri. Wivu huo.

Ijumaa, 8 Machi

Aibu! Profesa alishangilia, hata mkono akanipa. Ndipo Miwani akaomba, kwa upole ule unaoudhi, tuijaribu programu yangu kwa sukari. Ikasema inang'ang'ania. Sabuni ya sinki? Inang'ang'ania. Maji ya bomba? Kuliko vyote! Profesa akauliza kama basi wagonjwa tuwaambie wakaoge. Walicheka mpaka mpishi wa chai akaja kuona kuna nini.

Kiti kapewa Miwani. Mimi nimepewa kabati la majaribio yaliyoshindwa, niyaingize yote upya. Nyumbani mama mkwe akauliza mkuu atakula saa ngapi. Nimelia bafuni, sifichi.

Jumamosi, 9 Machi

Miwani amepiga simu. Akasema, bila kejeli, kwamba anayefuta makosa hana pa kujifunzia. Maneno ya busara. Nilimshukuru kwa moyo wote.

Kisha nikaketi kuandika wasifu wangu, niombe kazi kwingine. Nikafuta kazi niliyofukuzwa. Nikafuta ile niliyoitoroka. Nikafuta mtihani niliorudia, halafu chuo chenyewe, kisije kikaulizwa habari zangu. Jioni nimeusoma wote. Hauna doa hata moja: jina langu na namba ya simu.

Mia kwa mia! Jumatatu naupeleka.