Futikamba na Ubao Usioonekana

Zimeni misumeno, enyi mafundi! Wekeni randa chini, mpanguse vumbi masikioni, kwani neno nililolileta ni zito, na asiyesikia hatarudiwa. Nawasimulia vita vya seremala aitwaye Futikamba, bwana wa patasi, mtengeneza vitanda visivyolia, ambaye asubuhi moja, tangu saa tatu hadi saa nne kasoro dakika tano, aliingia vilindini mwa kompyuta kwa vidole viwili akatoka akiwa hai.

Chanzo cha vita ni hiki. Binti yake, aliyejifunza miezi sita kuchora kwa kompyuta huku baba akinung'unika kwamba penseli inatosha, alikuwa amechora rafu za maktaba ya shule, kazi yake ya kwanza. Mwalimu mkuu angefika saa nne kuziona. Asingeziona, kazi ingevuka barabara kwenda kwa seremala wa pili, mtu ambaye milango yake haijawahi kufungika. Na asubuhi hiyohiyo programu ya kuchorea, iliyowekwa toleo jipya jana yake, ikakataa kufunguka. "Kumbukumbu ya michoro haitoshi," iliandika, kisha ikanyamaza.

Fundi wa kompyuta akapigiwa simu. Akasema dawa iko kwenye BIOS, ule ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa kabla mashine haijaamka sawasawa, na kwamba kumbukumbu iongezwe pale, ila kwa kiasi. Binti akaisukuma kibodi mbali naye.

"Baba, naogopa. Nikikosea, kazi yote itapotea."

Ndipo shujaa akachomoa penseli sikioni, akanena kwa sauti iliyotikisa makopo ya gundi: "Ewe mwanangu! Mimi niliyepasua gogo lenye mafundo saba, nikiogope kisanduku kisicho hata na miguu? Kaa kando! Ikiwapo lawama, na iandikwe kwangu!"

"Sawa, baba. Bonyeza kitufe cha F2 ikianza tu kuwaka. Ukichelewa, imekula kwetu."

Akachelewa. Akazima, akawasha, akachelewa tena. Mara ya tatu alikuwa akipangusa miwani. Mara ya nne akaishambulia F2 kama apigiliaye msumari, na lo, ukurasa wa buluu ukafunguka, nchi isiyo na picha wala kipanya, ambamo jeshi lote ni mishale minne ya kibodi. Akashuka mstari kwa mstari hadi kwenye kumbukumbu ya michoro, akaikuta imepewa megabaiti 128. Na kwa kuwa moyo wake haukujua kiasi palipo na kazi ya mwanawe, akachagua namba kubwa kuliko zote, 2048, akahifadhi, akatoka kifua mbele.

Mashine ikaamka ikiugua. Programu ikafunguka nusu, ikaganda.

"Baba, umeipa ngapi?"

"Nyingi kuliko zote. Ni kazi yako."

"Jamani, baba! Kumbukumbu ni moja tu. Ukiipa michoro, mashine yenyewe unaipunguzia!"

Futikamba akaishika tena penseli yake. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile alikuwa ameelewa. Akaukimbilia ukuta ambao kwa miaka ishirini ameuandikia vipimo, akachora ubao mmoja mrefu.

"Urefu wake?"

"Elfu nne na tisini na sita."

"Programu inadai ngapi?"

"Mia tano na kumi na mbili."

Akatia alama. "Basi tunakata hapa. Mbona hukuniambia mapema kwamba ni ubao?"

Akarudi vitani. F2 ikatii mara ya kwanza. Akaweka 512, akahifadhi, na binti akafungua programu. Rafu zikasimama kwenye kioo, nyeupe na nyoofu, zikizunguka taratibu kila binti alipozigusa kwa kipanya. Wakati huo huo mlango ukabishwa.

Mwalimu mkuu aliingia, akainama mbele ya kioo. "Hii ya chini, darasa la kwanza wataifikia?"

"Sentimita arobaini," akajibu binti bila kutazama karatasi. "Wataifikia hata wakiwa wamekaa."

"Nimeipenda. Anzeni. Nani kachora?"

Shujaa alifungua kinywa kwa hotuba ndefu kuliko zote, lakini akamwelekezea binti penseli. "Huyu," akasema tu.

Mgeni alipoondoka, Futikamba aliurudia ukuta, akaandika chini ya ule ubao: *512. Nimekata mimi. Kachora binti yangu.* Karakana imepakwa rangi mara mbili tangu siku ile, na mara zote mbili mpaka rangi ameamriwa auruke ukuta huo.