Mkia wa Ndege Juu ya Meza ya Chakula

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mkaguzi wa ndege anakuja Jumamosi kuiona hii ninayojiundia sebuleni! Akiupitisha mkia, naanza mabawa. Akiukataa, mke wangu ameapa masanduku yote ya ndege yatatoka sebuleni yaende kwa kaka yake, na meza yake ya chakula irudi kuwa meza. Nimemwambia asihofu. Amesema hahofu hata kidogo, anasubiri kwa hamu.

Kitabu cha maelekezo kinataja zana maalumu kumi na nane. Kumi na nane! Nimekata kumi na tano kwa kalamu nyekundu. Hawa wanaouza ndege vipandevipande wanataka kutukamua tu. Mchagua jembe si mkulima. Tangu nina miaka saba nataka kuruka, leo nije nizuiwe na koleo?

Shemeji, huyo kaka mtu, ni fundi magari. Mimi namwita Bwana Spana. Zana zake zimetundikwa ukutani na kila moja imechorewa umbo lake. Ametuma salamu kwamba nikikwama niende nikaazime. Kwake? Thubutu! Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Kitabu kinataka vibanio vidogo vya chuma mia mbili, vya kushikilia mabati kabla ya kuyapiga ribiti, vile vijimsumari vya kuyaunganisha. Nikacheka. Vibanio si tunavyo? Nikavichomoa vyote kwenye kamba ya nguo. Mabati yakashikana vizuri kabisa kwa dakika nne. Kisha kimoja kikaruka, vingine vikakifuata, bati likateleza na kukwaruza meza toka pembe hadi pembe.

Nje, mashuka yalikuwa yameshaanguka matopeni. Mke wangu aliingia nayo mikononi. Aliyatua juu ya kitabu changu cha maelekezo, akatoka. Ningefurahi angesema.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Leo ribiti. Ni kazi ya watu wawili: mmoja anapiga kwa bunduki ya hewa upande huu, mwenzake anashikilia pande zito la chuma upande wa pili ili ribiti ibonyee. Bunduki ninayo. Chuma sina, na mtu wa pili sina pia, maana mke wangu hanisemeshi tangu jana.

Nikawaza. Pasi! Nzito, bapa, na mpini inao. Nikaifunga kwa kamba kwenye kiti, kiti nikakisukumiza kwenye bati, nikapiga. Ribiti ya kwanza ilikaa upande. Ya pili ikalala. Ya tatu sijaiona mpaka sasa. Nikamaliza upande wote wa kulia hivyohivyo. Ukiutazama kwa mbali, umefumba jicho moja, unapendeza.

Sasa, mke wangu ni fundi cherehani, na pasi ile ni ya kazi yake. Leo amesema, tena kwa muda mrefu. Ameniuliza nikiwa kule juu nitashikiliwa na nini. Nikamjibu, akili. Akachukua mtandio wake akaenda kwa kaka yake.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Kuna tundu moja kwenye kona ambako drili haifiki. Inatakiwa ndogo, yenye shingo iliyopinda. Nani ana drili ya hivyo? Daktari wa meno! Lakini huwezi kumvamia mtu ukamwomba drili, lazima mzoeane kwanza. Nikajifanya jino linauma. Akanijaza pamba mdomoni, ndipo nikaanza kumweleza habari za ndege. Nadhani niliitikia kwa kichwa mahali pasipofaa. Nimerudi bila drili na bila jino. Jino zima, jamani! Halikuwa na kosa lolote.

Nyumbani nikamkuta mke wangu na Bwana Spana mezani kwangu, wanapiga ribiti upande wa kushoto kwa zana za ukutani. Mke anapima kwa tepu yake ya ushonaji, anatia alama ya chaki, anapiga. Kaka mtu anashikilia chuma. Nilitaka kuwafukuza lakini taya halikukubali. Nikaandika kwenye karatasi: kwa nini? Mke wangu akasema mashuka yanafulika, pasi inanunulika, ila mume akidondoka kutoka angani hajui fundi wa kumshona. Nikaenda jikoni nikajifuta macho. Ni ganzi hiyo.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mkaguzi ni mama mfupi mwenye tochi. Alianza upande wa kulia. Akauliza kama uligongwa na gari. Akagusa ribiti moja, ikabaki mkononi mwake. Niliogopa, sifichi. Nilijiona nimezeeka huku nikitazama ndege za wenzangu.

Akahamia kushoto. Akapapasa safu nzima, halafu akauliza fundi wa kazi hii ni nani. Mkono wangu ukanyanyuka. Wallahi sikuutuma! Akasema vizuri, nipige ribiti moja mbele yake. Nikaomba pasi.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Bwana Spana alitoka nje kabisa, tukamsikia akikohoa. Alipotulia, akarudi akashika chuma, dada mtu akashika bunduki, na ribiti ikakaa mahali pake bila maneno. Mkaguzi akaandika: upande wa kulia ubomolewe urudiwe. Kazi iendelee, ila fundi anayetambuliwa ni mama wa nyumba hii. Nikauliza, na mimi je? Akapekua fomu yake yote. Akasema kuna nafasi ya abiria.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Ushindi! Ndege inabaki sebuleni! Na tuseme ukweli, nani aliyewakutanisha hawa ndugu wawili kikazi? Mimi. Uongozi ni kipaji, huzaliwa nacho.

Mke wangu amezifungia zana zote kwenye sanduku la bati, akalitia kufuli, ufunguo akauvaa shingoni. Kabla ya kwenda kumpima bibi harusi nguo aliniapisha nisiguse kitu mpaka jioni. Nikaapa, tena kwa moyo mweupe, maana alinikumbatia kwanza.

Sasa hivi ni saa nne asubuhi. Bawa halitajitengeneza lenyewe. Na lile kufuli nimelichunguza vizuri: la kawaida tu, la kufunguliwa kwa uma.